TUKIITWA KULINDA ANGA, TUITWE PAMOJA NA SILAHA NA HAKI ZETU

Ndugu wafanyakazi,

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, Goma ilipotekwa mwezi wa Januari na Bukavu ikafuata mwezi wa Februari, swali moja limekuwa likirudi katika mikutano yetu ya Jumapili hapa Kibenga. Wanachama wanauliza: vita vikisogea, na sisi wa viwandani na mashambani tukaambiwa tujiandikishe kuwa askari wa muda, mchana kazini na jioni kwenye mazoezi, sendika itasema nini? Wengine wanauliza hasa juu ya anga. Si ajabu. Sisi wa Kibenga tunaishi kando ya ziwa, milima ya Kongo tunaiona kwa macho yetu, na habari za droni zimekwisha kufika kila nyumba yenye redio.

Swali hili halifai kusubiri mpaka tuitwe. Siku ya kuitwa ni siku ya kelele, na katika kelele mnyonge hasikiki. Kwa hiyo tunalijibu sasa.

Kuna wanaosema kwamba mambo ya jeshi hayaihusu sendika. Hatukubaliani nao. Askari wa kudumu ana mkuu wake, ana mshahara wake na ana kambi yake. Lakini askari wa muda ni mfanyakazi kwanza. Anayechelewa kufika kiwandani asubuhi kwa sababu alikesha kwenye mzinga ni mwanachama wetu. Anayekatwa ujira kwa siku za mazoezi ni mwanachama wetu. Mjane anayezunguka ofisi na karatasi mkononi akitafuta haki ya marehemu, huyo naye mlango wake wa kwanza ni wa sendika.

Msimamo wetu ni huu. Hatupingi ulinzi wa nchi. Mwenye nyumba hapingi kufunga mlango. Tunasema kwamba mfanyakazi anayeandikwa kulinda anga apewe vitu vitatu siku ile ile anapoandikwa, wala si baada ya vita kuanza: silaha atakayofanyia mazoezi, hakikisho la kazi na ujira wake, na amri moja iliyowekwa na sheria. Kikikosekana kimoja katika hivyo, hatuna ulinzi. Tuna watu waliopangwa mstari.

KAZI YA ANGA SI YA KUBAHATISHA

Wengi wanadhani kulinda anga ni kuelekeza bunduki juu na kupiga. Tufanye hesabu ndogo. Ndege inayokwenda kilomita 400 kwa saa inapita mita 111 kila sekunde. Ikiwa kombora la mzinga linahitaji sekunde 20 kufika juu kule, ndege itakuwa imekwisha kusogea zaidi ya kilomita 2. Maana yake ni kwamba anayepiga pale anapoiona ndege anapiga hewa tupu. Lazima apige pale ndege itakapokuwa.

Kwa hiyo mzinga mkubwa wa kutungulia ndege ni kama karakana. Mmoja anapima urefu wa ndege kutoka chini, wengine wanahesabu mwendo na mwelekeo, mwingine anatega fyuzi ili kombora lipasuke kwa wakati wake, wengine wanapakia. Mmoja akikosea, kazi ya wote imepotea. Wale wa mashine za kufuma nguo na wale wa mitambo ya sukari wanalielewa jambo hili kuliko afisa anayekaa mezani. Mkono hujifunza kwa kurudia, na haujifunzi kwa kuonyeshwa picha ya mashine.

Tunaeleza haya kwa sababu hapa ndipo udanganyifu huanzia. Kuandika majina 1,000 ni kazi ya wiki moja. Kuwafanya watu 1,000 wajue kazi hii ni kazi ya miaka, na inahitaji mizinga iwepo tangu siku ya kwanza.

WAINGEREZA WALIVYOFANYA KABLA YA 1939

Tumetafuta nchi iliyofanya jambo hili hasa, yaani kuwaandika wafanyakazi kuwa askari wa muda wa kulinda anga kabla ya vita, na mfano ulio wazi zaidi ni wa Uingereza. Hatuwatukuzi; walitawala majirani zetu, na kila mtu anajua walivyotawala. Lakini mtu hujifunza hata kwa mtu asiyempenda.

Katika vita vya 1914–1918 ndege za Wajerumani ziliua watu wapatao 1,400 nchini Uingereza. Hitler alipotangaza mwaka 1935 kwamba Ujerumani ina jeshi la anga tena, Waingereza waliona hatari imerudi. Jeshi lao la kudumu lilikuwa dogo, na lilitakiwa kuvuka bahari vita vikianza. Mizinga ya kutungulia ndege na taa kubwa za kumulika anga usiku wakaziacha kwa Jeshi la Territorial, yaani askari wa muda: makarani, mafundi, madereva na watu wa viwandani. Desemba 1935 divisheni moja nzima ya askari wa miguu wa London iligeuzwa kuwa divisheni ya kwanza ya kulinda anga. Watu waliojiunga wakitazamia kubeba bunduki na kutembea kwa miguu wakajikuta wanafundishwa taa na mizinga.

Wazo lenyewe lilikuwa na akili. Mtu wa mtaa analinda mtaa wake. Jioni anatoka kazini, anakwenda kwenye ukumbi wa mazoezi, anarudi nyumbani kulala. Mara moja kwa mwaka anakwenda kambini. Nchi haimlishi mwaka mzima, na bado siku ya hatari yupo karibu.

Lakini tazameni upande wa vifaa. Mzinga wao mpya wa inchi 3.7 ulianza kufika vikosini mwaka 1938 tu, kwa sababu kwa miaka mingi hazina ilikuwa imebana fedha na viwanda vya silaha vilikuwa vichache. Septemba 1938, vita vilipoonekana kuwa mlangoni kwa ajili ya Chekoslovakia, askari wa muda waliitwa kwenye vituo vyao. Watu walifika. Mizinga mipya ilikuwa ya kuhesabika, na vikosi vingi vilisimama na mizinga ya inchi 3 iliyobaki kutoka vita vya zamani. Lau ndege zingekuja wiki ile, wale watu wangekufa wakiwa wamejipanga vizuri.

Mapatano ya Munich ya mwisho wa mwezi ule yaliwaacha Wachekoslovakia mikononi mwa Hitler. Waingereza wakapata karibu mwaka mmoja wa kujiandaa. Machi 1939 serikali yao ilitangaza kuliongeza mara mbili Jeshi la Territorial, kufikia watu 340,000. Aprili waliunda kamandi moja ya mizinga yote ya kulinda anga ya nchi. Tangu Juni vikosi vya askari wa muda vilikaa vituoni kwa zamu, kila kikosi karibu mwezi mmoja, ili anga isibaki wazi. Agosti waliitwa wote, na tarehe 3 Septemba 1939 vita vikatangazwa.

Sasa tuangalie ujira. Mtu wa kiwandani akikaa mwezi mmoja kwenye hema kando ya mzinga, nani anamlipa kodi ya nyumba? Akirudi akute mtu mwingine amesimama kwenye mashine yake, aende wapi? Mwezi wa Mei 1939 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwaita vijana wa miaka 20 kwa mafunzo ya miezi 6. Vyama vya wafanyakazi viliipinga, kwa kuwa serikali ilikuwa imeahidi kutowalazimisha watu kuingia jeshini wakati wa amani. Lakini ndani ya sheria ile iliandikwa kwamba mwajiri ana wajibu wa kumrudisha kazini kijana akimaliza mafunzo. Sisi tunashika neno hilo: liliandikwa kabla risasi ya kwanza haijalia.

Na wanawake je? Septemba 1938 kiliundwa kikosi cha wanawake cha kulisaidia jeshi, kwanza kwa upishi, ukarani na udereva. Mwaka 1941, watu walipopungua, waliwekwa kwenye vikosi vya mizinga pamoja na wanaume, wakipima urefu wa ndege na kufanya hesabu. Kufyatua mzinga walikatazwa. Malipo yao yalikuwa theluthi mbili ya malipo ya mwanamume. Kina mama wanaochuma chai Teza na Rwegura hawahitaji kuelezwa maana ya habari hii. Bomu likianguka halimpigi mwanamke theluthi mbili.

Na hata baada ya maandalizi yote hayo, London ilipoanza kupigwa usiku kwa usiku Septemba 1940, mizinga ilifyatua maelfu ya makombora kwa kila ndege moja iliyoanguka. Ikiwa nchi yenye viwanda vile ilipata taabu namna hiyo, asije mtu kutuambia kwamba filimbi, kofia na moyo wa uzalendo vinatosha.

MAJIRANI ZETU WA TANZANIA

Tusiende mbali tena. Ng'ambo ya mpaka wetu, Tanzania iliona hatari mapema. Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971, TANU ilitoa Mwongozo mwezi wa Februari, na humo ikaelekezwa kwamba wananchi wafundishwe mgambo. Mafunzo yaliingia vijijini na mahali pa kazi. Jambo la kukumbuka ni kwamba Mwongozo huo huo ulikemea viongozi wenye kiburi na ubabe kazini, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam wakausoma kipengele kwa kipengele, wakawadai mameneja wao heshima. Ulinzi wa nchi na haki ya mfanyakazi viliandikwa katika karatasi moja. Hilo ndilo tunalolitaka na sisi.

Anga ilionyesha ubaya wake upesi. Septemba 1972 ndege za Amin zilipiga Bukoba na Mwanza. Oktoba 1978 zilirudi Bukoba. Mizinga ya kutungulia ndege ililia bila kufaa kitu, na watu wakakimbia ovyo. Mwisho wa mwezi ule askari wa Amin waliingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba wakalivunja daraja la Kyaka.

Hapo ndipo mgambo alipoonekana faida yake. Katika muda wa majuma machache jeshi la Tanzania lilipanda kutoka watu wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000. Kati yao wanamgambo walikuwa 40,000 hivi, pamoja na polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Watu hawa hawakuokotwa njiani. Walikuwa na miaka 7 ya mafunzo nyuma yao. Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka.

Lakini hata huko anga ilibaki ngumu. Katika vita vile vile walinzi wa anga wa Tanzania waliangusha ndege zao wenyewe karibu na Musoma, wakidhani ni za adui. Hatusemi hivi kwa kuwacheka. Tunasema kwa sababu kutambua ndege ni sehemu ya kazi, na inafundishwa kama kupakia kombora. Askari wa muda asiyefundishwa kutambua ni hatari kwa adui na kwa rafiki. Na Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kupiga Mwanza ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama, swala wakafa. Siku hiyo mji uliokolewa na bahati. Nchi haipangi ulinzi wake juu ya bahati.

NYUMBANI KWETU

Burundi nayo ina historia yake ya raia waliopewa kazi ya ulinzi, na hatuwezi kuizungumzia kesho bila kuikumbuka. Katika miaka ya vita vya ndani, kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990, serikali iliwaandika maelfu ya wananchi wakaitwa walinzi wa amani, gardiens de la paix. Walikesha barabarani na milimani, walibeba mizigo ya askari, walipigana. Mshahara hawakuwa nao. Wengine walikuwa watoto. Na kwa kuwa mtu mwenye silaha na njaa hutafuta chakula chake, wananchi katika sehemu kadhaa waliwaogopa walinzi wao.

Baada ya makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000 na mapatano yaliyofuata, walivunjwa. Walipewa faranga 100,000 kwa mkupuo mmoja, basi. Hesabu hiyo igawanyeni wenyewe kwa miaka ya kukesha. Hakukuwa na kazi iliyokuwa ikiwangoja, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiandika popote kuwa ni yao.

Ndiyo maana tunatia mkazo juu ya amri moja ya sheria. Mahali pengi katika Afrika yetu, raia aliyepewa bunduki bila sheria amekwisha kutumwa dhidi ya jirani yake, kwa kabila au kwa chama. Mzinga wa kutungulia ndege una uzuri mmoja: unatazama juu. Anayeulinda analinda Buyenzi na Kinindo, Mhutu na Mtutsi na Mtwa, mwenye kadi ya chama na asiye nayo. Ulinzi wa namna hiyo tunaweza kuuunga mkono. Kikosi chenye bunduki kinachotazama ndani ya mitaa hatutakiunga mkono, hata kikipewa jina zuri kiasi gani.

DRONI HAZIJAIFUTA HESABU HIYO

Mtu atasema: hayo ni mambo ya kale, siku hizi ni droni. Kweli, silaha zimebadilika. Februari 2024 droni zilishambulia uwanja wa ndege wa Goma. Mei 2025 zilichoma maghala ya mafuta huko Port Sudan, bandari iliyodhani iko mbali na vita. Uwanja wetu wa Bujumbura ulirushiwa makombora ya motari Septemba 2021. Vitu vinavyolengwa ni vile vile tunavyovifanyia kazi sisi: matangi ya mafuta, bandari, umeme, maghala. Anayekufa kwanza ni mlinzi wa usiku na kibarua wa zamu.

Lakini tazameni Ukraine. Tangu droni zilipoanza kuwajia usiku, wako watu wa kujitolea, wanawake kwa wanaume, wanaofanya kazi zao za kawaida na kisha kushika zamu kwenye magari yenye bunduki za rashasha, wakitungua droni. Wengine wamepewa bunduki za Maxim, aina iliyobuniwa katika karne ya 19. Askari wa muda wa kulinda anga yuko hai, na shida yake ni ile ile ya mwaka 1938: watu wanapatikana upesi kuliko vifaa.

MADAI YETU

Kwa hiyo basi, tunawaomba wajumbe wa wafanyakazi katika kila kiwanda na kila shamba, kutoka Bujumbura mpaka kwa wakata miwa wa Gihofi, wayajadili madai haya na kuyapigia kura:

1. Kujiandikisha kuwe kwa hiari. Mwajiri au kiongozi wa mtaa asimwandike mtu kwa kumtishia kazi yake.

2. Asiandikwe mtu kabla ya kifaa chake cha mazoezi kuwepo. Kama mizinga au rashasha ni 10, waandikwe watu wa 10. Walio wengi zaidi wafundishwe kuzima moto, kuokoa majeruhi na kuchimba mahandaki, maana hizo nazo ni kazi za kulinda anga na vifaa vyake ni rahisi.

3. Siku za mazoezi zilipwe kama siku za kazi, wala zisikatwe katika likizo. Kibarua wa msimu alipwe sawa na mwenye mkataba, na mwanamke sawa na mwanamume.

4. Kazi ya mtu iwe inamngoja. Jambo hili liandikwe katika mkataba wa pamoja kati ya sendika na waajiri, na kisha katika sheria.

5. Anayeumia mazoezini ahesabiwe kuwa ameumia kazini, na haki zake zipitie INSS kama za ajali nyingine yoyote ya kazi.

6. Kikosi kiwe chini ya jeshi la taifa, kwa orodha iliyo wazi na silaha zinazohesabiwa na kurudishwa ghalani. Kisiwe cha chama chochote.

Waajiri watasema gharama ni kubwa. Tunawajibu kwamba kiwanda kinacholindwa ni chao pia, na matangi yakiungua hasara ya kwanza itaandikwa katika vitabu vyao. Serikali itasema fedha hazipo. Tunaijibu kwa heshima kwamba kama hakuna fedha za kumlipa mlinzi, basi hakuna fedha za vita, na kazi ya wakubwa ni kuketi na majirani mezani mpaka wapatane. Amani ndiyo ulinzi wa anga ulio nafuu kuliko wote. Sisi wafanyakazi tunaitaka kwanza, kabla ya mizinga.

Lakini kama hapana budi, tutakwenda. Wavuja jasho wa nchi hii hawajapata kukataa mzigo. Tunachokataa ni kubebeshwa mzigo mikono mitupu, na kisha kusahauliwa tukiutua. Yajadilini madai haya kabla ya mkutano ujao, myaandike, mtie sahihi, mlete. Neno lililoandikwa wakati wa amani halifutwi kwa urahisi siku ya vita.

Umoja ni nguvu.